Gemu nazo zihakikiwe na wanaozicheza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya michezo ya video, ile iliyodai kwamba gemu zote ni ukatili na upotevu wa muda, na kwamba mzazi mwenye akili huzifungia kabatini. Niliisoma yote nikitafuta jina la gemu hata moja. Halimo. Ni kama kusoma taarifa ya mechi iliyoandikwa na mtu aliyekuwa nje ya uwanja akisikiliza kelele.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mhasibu kwa kazi, na nimecheza gemu tangu zama za padi yenye vitufe viwili. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiulizia gemu mpya, muuzaji huniuliza mtoto ana umri gani. Mtoto ni mimi. Hucheza usiku nyumba ikishatulia, na malalamiko yangu juu ya gemu ni mengi kuliko ya mwandishi wenu. Tofauti ni kwamba ya kwangu nayajua kwa majina.

Hoja ya ukatili nitaipita haraka maana imezeeka. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani ilikaa kujadili Mortal Kombat, gemu ya mapigano ya damu, na mwaka uliofuata ikaundwa ESRB, bodi ya kupanga gemu kwa umri. Ulaya wana mfumo wao wa namna hiyo, PEGI, tangu 2003: namba 3, 7, 12, 16 na 18, zimechapwa mbele ya jalada, kubwa na zenye rangi. Anayemnunulia mtoto wa miaka tisa gemu yenye 18 atafute mwingine wa kumlaumu. Kuhusu uraibu, ni kweli Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Lakini yasomwe na masharti yake: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine yote maishani, aendelee hata madhara yakionekana, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Kijana anayechelewa mezani kwa sababu hajamaliza mechi ni mkaidi tu.

Tuje kwenye gemu zenyewe.

Chukueni Super Mario Bros. ya Nintendo, 1985, hatua ya kwanza kabisa. Hakuna ukurasa wa maelezo. Mario amesimama kushoto mwa skrini akitazama kulia, kwa hiyo unakwenda kulia. Kidudu cha kahawia kinakujia taratibu. Kikikugusa unakufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, hujapoteza kitu. Mara ya pili unaruka. Ukigonga tofali lenye alama ya kuuliza inatoka sarafu. Ukigonga jingine unatoka uyoga. Uyoga unateremka, unakwenda kulia, unagonga bomba, unageuka na kukujia, na juu ya kichwa chako kuna matofali yanayokubania usiruke vizuri. Hata ukiukimbia, mara nyingi utakupata. Ndipo unagundua kwamba huu hauui, unakukuza. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati pana ardhi, unaruka bila wasiwasi. Halafu zinakuja nyingine mbili za umbo lile lile, safari hii katikati ni shimo. Shigeru Miyamoto na wenzake walioitengeneza wamekufundisha sheria zote hizo bila kuandika sentensi moja. Nimekaa kwenye semina za kazini zenye slaidi lukuki ambazo hazikunifundisha nusu ya hayo.

Huo ndio uzuri wa gemu ambao mwandishi wenu hakuugusa, na sidhani kitabu au filamu vinaweza kuufikia: unajifunza kwa kutenda, na kosa lako linakujibu papo hapo. Wakati mwingine hata watengenezaji wenyewe hukutana na uzuri huo njiani. Katika Space Invaders ya 1978, wavamizi huongeza kasi kadiri wanavyopungua. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, hakukusudia hivyo. Kompyuta yake ilikuwa dhaifu, ikawa inakwenda haraka zaidi kila vitu vya kuchora vilipopungua. Akaona inanoga, akaiacha.

Gemu iliyonishika kuliko zote ni Papers, Please ya mwaka 2013, kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope. Wewe ni mkaguzi wa hati mpakani mwa nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Mtu anasogea dirishani, unalinganisha jina, tarehe, picha na mhuri, unampitisha au unamkataa. Malipo ni kwa idadi ya watu unaowahudumia. Jioni inakuja karatasi ya hesabu: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa kama kuna aliyeugua. Karatasi za namna hiyo ndizo ninazoshinda nazo kutwa, nikadhani hainitishi. Halafu akaja mwanamume mwenye hati kamili. Akapita, akasema mkewe yuko nyuma yake kwenye foleni, tafadhali mtendee wema. Mke akafika dirishani, hana kibali cha kuingia.

Ukimpitisha, karatasi ya onyo inachapika mezani pako papo hapo. Maonyo mawili ya kwanza ya siku hayana faini. Kuanzia la tatu unakatwa. Kwa hiyo huruma ina bei, na bei hiyo utaiona jioni kwenye mstari wa chakula. Ingekuwa filamu, ningemhukumu mkaguzi nikiwa nimekaa kitini na kikombe mkononi. Hapa mhuri ni wangu. Nilimpitisha yule mama. Niliwapitisha na wengine, mpaka jioni moja nikakosa ya kulipia joto, na kesho yake nikaanza kukataa watu huku nikipiga hesabu kichwani wakiwa bado wanaongea. Hakuna aliyenihubiria. Nilijiona tu nilivyogeuka, na sikupenda.

Outer Wilds ya 2019 ni uzuri wa namna nyingine. Kila baada ya dakika 22 jua linalipuka na unaamka tena pale ulipoanzia. Hupati silaha bora, huongezewi nguvu, hupandishwi cheo. Kinachobaki mkononi ni ulichokijua tu. Aliyekwisha zijua siri zake anaweza kuimaliza ndani ya mzunguko mmoja, wakati mgeni atazunguka wiki nzima angani akisoma maandishi ya watu waliokufa zamani. Sitasema zaidi, kila neno la ziada litamharibia msomaji.

Na Celeste ya 2018, ambako msichana anapanda mlima na wewe unakufa naye mamia ya mara. Kifo hakikuadhibu: sekunde haijatimia umerudi mwanzo wa chumba kile kile, vidole bado vina joto. Ukishindwa kabisa, kuna mipangilio ya msaada. Punguza kasi ya gemu, jipe uwezo wa kutokufa, endelea na hadithi. Gemu haikucheki wala haikusimangi. Naitaja hii kwa sababu inanipeleka moja kwa moja kwenye kero yangu ya kwanza.

Dark Souls ya 2011 naiheshimu. Ni ngumu, lakini ukifa unajua kilichokuua. Tatizo ni kwamba haina kitufe cha kusimamisha. Simu ikiita, mtoto akiamka na ndoto mbaya, zimwi halisubiri. Mashabiki wake wataniandikia kwamba huo ndio ugumu wenyewe. Sikubali. Ugumu ni zimwi. Kunyimwa kusimamisha gemu ni kudharau kwamba mchezaji ana nyumba, ana kazi, ana watu wanaomhitaji. Vivyo hivyo gemu zinazokataza kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, mpaka ufike mahali fulani, na mahali penyewe huambiwi ni wapi. Maandishi madogo nayo, jamani! Kuna gemu za mamilioni ya dola ambazo waandishi wake wameandika mazungumzo matamu, halafu mtu fulani akayaweka chini ya skrini kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Nina miwani na bado sizioni.

Kisha kuna kujaziajazia. Tangu Assassin's Creed ya 2007 umeenea mtindo wa kupanda mnara ili ramani ifunguke, na ikifunguka imejaa alama: kusanya hiki, kimbiza kile, kaniletee ngozi tano za mbwa mwitu. Mnara wa kwanza ni raha kweli, unasimama juu na mji mzima uko chini ya miguu yako. Kufika wa kumi nahisi nimerudi ofisini mwisho wa mwezi. Hadithi ambayo ingetosha jioni chache inavutwa mpaka saa sitini, kwa sababu kuna wanunuzi wanaopima gemu kwa urefu. Portal ya Valve, gemu ya mafumbo ya chumba kwa chumba iliyotoka 2007, unaimaliza kwa jioni moja au mbili na hakuna chumba hata kimoja ambacho ningekitoa. Sikuwahi kusikia aliyeicheza akidai ilikuwa fupi mno. Wanalalamika kwamba wangependa kuisahau waicheze upya.

Lakini hayo yote ni makosa ya ufundi, na fundi hukosea. Linaloniudhi hasa ni la pesa, na hapa naandika kama mhasibu.

Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi ndani ya gemu ya Oblivion kwa dola 2.50. Deraya tu, ya farasi asiyekuwepo. Wachezaji walicheka na kukasirika, na wengi wakainunua. Kutoka hapo tumefika mahali ambapo mwanangu wa kwanza alinijia na simu yake, katika gemu ambayo kuipakua ni bure, akiomba sarafu za kununulia mhusika wake vazi. Vazi ni sarafu 800. Sarafu zinauzwa kwa mafungu ya 500. Maana yake unanunua mafungu mawili na zinabaki 200. Nikatafuta duka zima la gemu hiyo kitu cha sarafu 200. Hakipo, cha bei ya chini kabisa ni 300.

"Mama, zimebaki 200. Tukiongeza fungu moja tu, viatu tunapata."

Nikachukua karatasi na kalamu, tukaketi. Nilimpangia mafungu upande mmoja na bei upande wa pili, nikamwomba anionyeshe manunuzi ya kawaida yanayoishia sifuri. Alihangaika nayo muda mrefu. Ni mtoto mwepesi wa hesabu. Kila njia aliyojaribu ilibakiza sarafu. Bahati mbaya haiwezi kuwa na mpangilio hivyo. Kuna mtu analipwa mshahara kuhakikisha pochi ya mtoto haiwi tupu wala haijai. Na kwa nini sarafu, si pesa? Kwa sababu ukiona 800 huoni pesa. Mtu akijaribu kupitisha hesabu za namna hiyo mezani kwangu kazini, ningeita wakaguzi.

Baada ya sarafu zikaja pakiti za bahati. Katika gemu za FIFA za kampuni ya EA, ambazo tangu toleo lililotoka Septemba 2023 zinaitwa EA Sports FC, unanunua pakiti bila kujua ndani kuna mchezaji gani. Tangu FIFA 19 wanachapisha uwezekano, na nawapongeza kwa hilo, lakini kwa wale nyota ambao kila mtoto anawataka, mara nyingi imeandikwa "chini ya 1%". Chini kiasi gani? Sehemu tisa za kumi ni chini ya moja. Sehemu moja ya elfu nayo ni chini ya moja. Tuchukulie kwa ukarimu kwamba ni 1% kamili. Watu wengi hudhani ukifungua pakiti 100 utampata tu. Hesabu inasema kati ya kila watu 100 watakaofungua pakiti 100, kama 37 hawatampata. Na kikosi ulichokusanya hakihamii kwenye toleo la mwaka unaofuata. Unaanza upya na wachezaji wa kawaida.

Ubelgiji waliliita kamari. Tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka hivyo mwaka 2018 kuhusu pakiti za aina hii, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti. Gemu iliendelea kuchezwa, haikufa. Huko Marekani, Desemba 2022, Tume ya Biashara, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, wangelipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya kuwatuhumu kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia. Ingekuwa makala ya mwandishi wenu imegusa kitufe kimoja cha namna hiyo, leo nisingeandika barua hii, ningempongeza.

Liko na jingine ambalo asiyecheza hawezi kulihisi. Gemu siku hizi hununui, unaazimwa. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimiwa seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha kupitia intaneti, tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyekuwa akiendesha peke yake bila kushindana na mtu, hata mwenye diski mkononi, hakuweza tena kuifungua, kwa sababu ilihitaji kuunganishwa na seva ili iwake tu. Wachezaji wa Ulaya walikasirika kiasi cha kukusanya sahihi zaidi ya milioni moja za kuitaka Tume ya Ulaya iingilie kati. Mimi kama mhasibu nauliza swali la kitoto: hiki kitu kilichouzwa kilikuwa mali au huduma? Kama huduma, tarehe ya mwisho iandikwe kwenye jalada, kando ya ile namba ya umri. Gemu za zamani nazo zinapotea kwa njia yake. Utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation, taasisi ya kuhifadhi historia ya gemu, ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Fikirieni maktaba yenye hali hiyo.

Sisemi watengenezaji wote ni walaghai. Eric Barone aliitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016, na mwaka 2024 alikuwa bado anaiongezea vitu bila kudai senti kwa waliokwisha nunua. Hello Games walitoa No Man's Sky 2016 ikiwa pungufu sana ya ahadi zao, wakazomewa dunia nzima, wakarudi mezani na kuijaza kwa masasisho ya bure mwaka hadi mwaka. Wa namna hiyo wanastahili kuandikwa gazetini kwa majina. Wale wa sarafu 800 vilevile.

Ndiyo sababu ya barua hii, Mhariri. Gazeti lenu lina mtu wa kuhakiki vitabu, mtu wa muziki, na watu wa mpira wasiohesabika. Gemu mnazikumbuka mtoto wa mtu akipata matatizo tu. Wekeni safu, hata fupi, iandikwe na mtu aliyeimaliza gemu yenyewe, na kwenye mashine ile ile waliyo nayo wasomaji. Yaliyotokea kwa Cyberpunk 2077 mnayakumbuka: kabla ya kutoka Desemba 2020 wahakiki walipewa toleo la kompyuta pekee, wakaisifu, halafu wenye PlayStation 4, mashine ya Sony, wakakuta inakwamakwama na kuzimika. Haikumaliza siku kumi Sony wakaiondoa dukani kwao na kutangaza kurudisha pesa. Imetengenezwa baadaye, tena vizuri sana, lakini waliolipa siku ya kwanza walilipia majaribio.

Mhakiki wenu atuambie vitu ambavyo jalada halisemi vizuri. Je, gemu inasimama ukitaka isimame? Inasevu popote? Intaneti ikikatika inachezeka? Ukishalipa, itakuomba tena pesa, na kwa njia gani? Tangu 2020 PEGI na ESRB huweka taarifa kwa gemu zinazouza vitu vya kubahatisha, lakini ni kwa maandishi yale yale ya sisimizi. Herufi zake zinasomeka? (Hilo liwekwe mwanzoni.) Na kuhusu urefu, asituambie ni saa ngapi tu, atuambie ni saa ngapi kati ya hizo angekubali kuzirudia.

Mkikosa mwandishi, mimi nipo, na muda wangu ni usiku. Ya kwanza ningeanza na Papers, Please. Outer Wilds naomba mnipe aya moja tu.

Wako,
Mama Mhasibu, msomaji wa siku nyingi